Dawa ya Kushukia Kaburini

Kilosa, 10 Novemba 2024

Mdogo wangu Naomi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari za Mikumi, habari za mgahawa na hao madereva wako wa malori? Sisi huku hatujambo. Mwanangu Elia yuko kwenye kibarua cha reli, anasema anarudi mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukifika anasema mwezi ujao. Mkewe Lightness anakuamkia. Yule mbuzi wako ninayekutunzia amezaa mapacha, mmoja jike. Jike nakuwekea, dume nitamla Krismasi, usinune.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu ni ya Lightness, na Lightness hajui kuongea bila kuweka spika. Nikitaja goti, mtaa mzima unajua goti. Halafu marehemu mama ndiye aliyetuzoesha barua, na hajamaliza hata miezi mitatu kaburini, sioni sababu ya kuacha. Na kama alivyotaka siku zote, barua haiji bila kitu. Konda Imani atakupa kisado cha mbaazi.

Sasa nina habari njema. Nimepata nguvu. Unajua baridi yabisi ilivyonifanya miaka hii tisa. Vidole vimepinda, magoti yamevimba, na kila asubuhi mkwe wangu ananifunga vifungo vya shati, mimi mzee wa miaka sitini na tatu nimesimama mbele yake nimeinua kidevu. Sasa nafunga mwenyewe. Shamba la bondeni nimelima ekari nzima kwa mkono, kwa siku nne. Siku ya tano nikapogoa migomba. Watu wananiuliza, mzee umepewa nini? Nacheka tu.

Ni vidonge. Anauza bwana mmoja mwenye duka karibu na stendi. Nameza viwili asubuhi na chai, sisikii goti, sisikii njaa, sisikii jua. Jioni nameza kingine. Najikuna kidogo, hasa puani, na choo kimekuwa kigumu, lakini hayo ni mambo ya umri. Tangu siku ile tulipomzika mama nimeona kwamba mwili huu bado una kazi ndani yake.

Usimwambie Lightness.

Kaka yako,
Melkizedek


Mikumi, 24 Novemba 2024

Kaka yangu Melki,

Shikamoo. Mbaazi zimefika, nimezipika kwa nazi na zimeisha. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu inavimba kwa kusimama. Tembo walipita nyuma ya nyumba juzi wakala migomba yote ya jirani na yangu hawakuigusa. Jirani ananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyewaelekeza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili imenitia kinyaa. Nasema hivyo kwa heshima zote, lakini nasema.

Mimi nahudumia watu wa vidonge hivyo kila siku. Dereva anakuja ametoka Tunduma hajalala siku mbili. Anameza na supu yangu, anajikuna pua mpaka ngozi inatoka, mate yanamchuruzika pembeni ya mdomo na hana habari. Anakaa anautabasamia ukuta. Mmoja alitapika kwenye sahani yake, akaisogeza pembeni, akaagiza nyingine. Sahani ile niliitupa, sikuweza kuiosha. Sasa wewe kaka yangu wa tumbo moja unaniandikia "najikuna kidogo, hasa puani". Nilipofika hapo niliweka barua chini nikaenda kunawa mikono.

Hiyo si nguvu. Goti lako halijapona hata kidogo. Linaendelea kusagika vilevile, ila sasa hulisikii, na wewe unalibebesha ekari nzima. Siku utakapolisikia tena utalia.

Niandikie vinaitwaje na vina rangi gani. Na ulijifunzia wapi kumeza vitu hivyo, mzee wa kanisa mzima?

Nimempa Imani mapapai mawili. Sijisumbui kueleza ni ya nini.

Mdogo wako,
Naomi


Kilosa, 15 Desemba 2024

Mdogo wangu Naomi,

Marahaba. Mapapai nimeyala, na asante, ingawa hayakusaidia sana. Lightness amepata homa na amepona. Mvua za kwanza zimenyesha vizuri na mahindi yangu yametoka ardhini kabla ya mahindi ya mtu yeyote bondeni. Nakutumia asali, chupa moja, ni ya kweli, si ile ya sukari wanayowauzia watalii huko kwenu.

Umeuliza, najibu. Vinaitwa tramadoli. Vina rangi mbili, nusu kijani nusu njano. Muuzaji anavitoa kwenye ndoo iliyowahi kuwa ya rangi ya nyumba, na kabla ya hapo anakuwa amempimia mtu mafuta ya taa, kwa hiyo vina harufu. Sipendi harufu hiyo. Nameza upesi.

Swali lako la mwisho nimelisoma nikaliruka. Naomba na wewe uliruke.

Lakini usinilinganishe na madereva. Wao wanameza ili wasilale. Mimi nameza ili nisiwe mzigo. Unajua maana ya kukaa kwenye kigoda mlangoni, mke wa mwanao anapita na ndoo kichwani, anapita na kuni, anapita na jembe, na wewe unasema pole, pole, pole, siku nzima? Nilisema pole miaka tisa. Ukitaka niache, niambie kwanza nani atalima.

Tazama mwandiko wangu. Huu ndio niliokuwa nao darasa la saba, na mwalimu alikuwa anauonyesha kwa wengine. Mwaka jana ningeshika kalamu hivi?

Njoo Krismasi, yule dume amenona.

Kaka yako,
Melkizedek


Mikumi, 12 Januari 2025

Kaka yangu Melki,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Samahani sikuja. Sikukuu ndiyo wakati magari yanapofurika huku, nikifunga siku mbili wateja wanahamia kwa mwingine. Asali ni nzuri. Nakutumia dagaa na miche ya sabuni.

Umeniambia nisimwambie Lightness. Lightness amenipigia mwenyewe, kaka, na alikuwa analia. Anasema siku sita hukwenda choo, ukaenda na ukatoka na damu. Anasema unakula vijiko viwili unasukuma sahani. Unalowa jasho mpaka godoro linanuka na analianika kila asubuhi, na ukikawia kumeza unatukana. Wewe unatukana! Anasema vidonge vyako sasa ni vinane kwa siku, amevihesabu. Kwenye barua uliyoniandikia vilikuwa vitatu. Na goti la kulia limevimba kuliko kichwa cha mtoto wake, na wewe unalitembelea tu, unapiga mluzi. Nilikaa na simu sikioni nikatamani nisingemjua mtu anayesimuliwa.

Nilikwenda kwa Devota, tabibu wa zahanati ya hapa jirani, mtu mkavu lakini mkweli. Nikamweleza yote bila jina. Akasema hayo si matibabu ya baridi yabisi, ni kuziba masikio. Akasema zipo dawa zinazotuliza uvimbe wenyewe, unapimwa damu, unapewa, unafuatiliwa, na nguvu inarudi kidogokidogo kwa sababu kiungo hakiliwi tena. Vidonge vyako vikizidi vinaweza kumwangusha mtu kifafa hata kama hajawahi kuugua kifafa, na vikichanganywa na pombe vinaweza kumzima pumzi usingizini. Na ukitaka kuacha usiache kwa siku moja. Nenda hospitali wakushushe taratibu.

Akaniuliza, alianza lini na nani alimpa? Nikamwambia sijui.

Nenda hospitali, kaka. Nakuomba kwa magoti, na magoti yangu unajua yalivyo.

Naomi


Kilosa, 16 Februari 2025

Mdogo wangu Naomi,

Marahaba. Dagaa tumepokea. Lightness nimemsamehe kwa kunisema, ingawa hajaomba msamaha. Hospitali nitakwenda mvua zikipungua, sasa hivi njia ya kushuka ni tope tupu na palizi haingoji.

Na palizi ndiyo nataka kukuhadithia. Jumamosi iliyopita nilifanya ujima, wa kwanza tangu niugue. Miaka tisa nimekuwa nakwenda kwenye ujima wa watu kukaa tu na kula, na hakuna aliyenisema, lakini mimi nilikuwa najisema. Safari hii niliita mimi. Walikuja watu kumi na wanne. Yunis alikuja na kitoto chake cha miezi minne mgongoni. Hata mama mdogo Raheli alikuja na jembe lake la mpini mfupi, miaka sabini na moja, magoti mabaya kuliko yangu. Unamjua, hajawahi kukosa ujima wa mtu wa ukoo. Walivyokuwa wanapanda kilima nikawaona wote wanachechemea, huyu kiuno, huyu bega, na nikawahurumia sana. Hawa ndio waliomlimia mama.

Togwa niliikoroga mwenyewe tangu alfajiri, sikumwachia Lightness. Walikunywa, wakasifu, wakarudia.

Naomi, shamba lilikwisha kabla ya saa sita! Waliimba mpaka watu wa ng'ambo wakasimama kutazama. Mama mdogo alipalilia mistari mitatu akicheka peke yake. Baadaye alijisikia vibaya kidogo, nadhani ni jua, na wengine walilala pale pale kivulini. Lakini kazi ilikwisha, na waliifurahia.

Nakutumia mahindi mabichi ya kwanza, ya bustani ya kumwagilia, kumi na mawili.

Kaka yako,
Melkizedek


Mikumi, 9 Machi 2025

Melkizedek,

Sikuamkii.

Nimetoka kumtazama mama mdogo Raheli wodini. Nilipita Kilosa nikarudi siku hiyohiyo, sikufika kwako kwa sababu nilijua nikikuona nitakutemea mate. Mkono wake umevunjika mahali pawili. Ulimi ameung'ata, umevimba, hawezi kula ila uji. "Jua"! Alianguka katikati ya mstari wako wa nne akatupa miguu na macho yakageuka meupe, na watu waliokuwa wamelewa dawa yako wakadhani anacheza, wakampigia makofi. Makofi, Melki!

Lightness alinifuata wodini akanionyesha alichokikuta chini ya kinu ulipokwenda kuoga. Maganda ya vidonge, nusu kijani nusu njano, thelathini na moja. Ulivifungua kimoja kimoja na vidole vyako hivyo vilivyopona, ukamimina unga kwenye togwa ya watu. Ameyafunga kwenye kitambaa, na yamenata kwa unyevu, yananuka mafuta ya taa na chachu ya mtama. Nilikwenda nyuma ya wodi nikatapika.

Wengine walitapika mahindini mpaka jioni. Na Yunis, hilo huwezi kuniambia ulilisahau, Yunis alinyonyesha. Alilala na mtoto kifuani na mtoto akalala naye, usiku kucha na siku iliyofuata, hakulia, hakunyonya, midomo ikaanza kuwa ya rangi nyingine. Bibi yake ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa bodaboda kwenye tope. Amepona. Daktari amesema amepona. Lakini Yunis hampi mtu tena kumshika.

Watu wanakuja kukusaidia kwa sababu wanakupenda, na unawafanyia hivyo kwenye kikombe! Mtu akija kwenye ujima hanusi kwanza togwa. Anakunywa kwa sababu mwenye shamba ndiye aliyempa. Ulichokiharibu si mahindi wala mikono ya watu, ni hicho.

Na unaandika uliwahurumia. Mahindi yako kumi na mawili nimewapa nguruwe wa jirani.

Barua hii haina kitu cha kuisindikiza. Mama anisamehe. Usinijibu mpaka uwe na la kusema.

Naomi


Kilosa, 11 Mei 2025

Mdogo wangu Naomi,

Salamu. Barua yako ilikaa wiki tatu pale kijijini Ulaya, njiani kuja huku, kwa sababu daraja lilichukuliwa na maji na konda aliiacha kwa mtu. Ilinifikia mwanzo wa Aprili. Kuanzia hapo ni mimi niliyechelewa. Nilikuwa sina la kusema, kama ulivyoagiza.

Siku niliyoisoma nilivimwaga vyote chooni. Tabibu wako alisema nisiache kwa siku moja, na mimi nikaacha kwa siku moja, unanijua. Siku ya pili pua na macho vilikuwa vinatiririka, miguu inapiga teke yenyewe, ngozi kama imewekewa siafu kwa ndani. Siku ya tatu nilijichafua kitandani, Naomi, mara nne, na sikuweza kusimama kwa sababu magoti yalikuwa yamerudi, na yamerudi mabaya kuliko niliyoyaacha. Lightness alinifua. Alikuwa amejifunga kanga puani, na mimi nililia kwa harufu yangu mwenyewe. Nilimwomba atume mtu kwa yule bwana wa duka aniletee viwili tu. Hiyo pia lazima uijue. Alikataa, akanipakia kwenye bajaji mpaka hospitali.

Sasa wananishusha taratibu, nimebakiza kidogo. Wamenipima damu. Wamenipa dawa ya viungo yenyewe, nameza mara moja kwa wiki, na wameniambia nitahesabu miezi kabla ya kuona tofauti. Goti la kulia wanasema limeharibika, halitarudi.

Kikao cha ukoo kilikaa tarehe tatu Mei. Baba mdogo Danieli aliongoza. Niliomba msamaha mbele ya mama mdogo na mbele ya Yunis. Mama mdogo aliitikia kwa kichwa. Yunis alitazama pembeni. Wameamua mimi nisiite ujima tena, na nisigawe kinywaji wala chakula kwenye shughuli yoyote, harusi wala msiba. Hakuna atakayekunywa kitu kilichotoka mkononi mwangu. Sikubisha. Nilipotoka nje niliuangalia mkono wangu kwa muda mrefu, na kweli hata mimi nisingekunywa.

Baba mdogo aliniuliza ni nani aliyenifundisha dawa ile mara ya kwanza. Nikasema ni dereva mmoja wa njiani, simjui jina. Wameandika hivyo kwenye daftari la ukoo. Basi yameisha, usihangaike.

Sina cha kukutumia, na nadhani usingekila.

Melkizedek


Mikumi, 1 Juni 2025

Kaka yangu Melki,

Shikamoo. Nimefunga mgahawa leo ili niandike. Habari za huku sina. Ninayo moja tu.

Hakuna dereva wa njiani. Ni mimi.

Nataka kuiandika yote kwa sababu miezi saba nimekuandikia kila kitu isipokuwa hiki. Asubuhi ya kumzika mama ulikuwa umekaa jikoni kwenye gunia na huwezi kusimama. Kwetu kifungua mimba ndiye anayeshuka kaburini kumpokea mzazi, na watu walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba ashuke Danieli. Uliniambia, "Naomi, nitamwachaje mama apokewe na mtu mwingine?" Nikaingiza mkono mfukoni mwa aproni, nikatoa viwili, nikakupa na chai. Ukauliza ni nini, nikasema ni vya maumivu. Ulishuka. Ulimpokea mama kwa mikono yako ukamlaza, ukapanda mwenyewe, na mimi nikatazama huku na huku nimejaa kiburi. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Halafu nikakuuliza kwenye barua ulijifunzia wapi. Ukaniomba niliruke swali lile, na nilijua unamficha nani, na nikaliruka kwa furaha.

Na vilikuwa vinafanya nini kwenye aproni yangu? Nina kopo la majani ya chai juu ya rafu. Dereva mmoja aliniachia pakiti nzima mwaka juzi, na wengine wakaendelea kuniachia. Mteja akisema amechoka, mama nisaidie, nilikuwa nampa. Nilisema ni ukarimu. Yule aliyetapika kwenye sahani yangu, kaka, vile alivyokuwa navyo tumboni vilitoka kwenye kopo langu. Niliitupa sahani na kopo nikalirudisha juu ya rafu. Mimi mwenyewe nilimeza siku ambazo miguu ilinizidi. Si nyingi, lakini nisianze na mimi kuandika "kidogo".

Nilikutapikia kwenye karatasi barua nzima kwa sababu ya togwa. Yote niliyoyasema ni kweli na sifuti hata moja. Lakini nilikuwa naandika na vidole vilivyonuka kitu hichohicho. Nimevisugua kwa limao na majivu na bado navinusa.

Kopo nimelipeleka kwa Devota likiwa hivyohivyo, nikamwambia alianza lini na nani alimpa. Hakunipa pole. Alifungua, akahesabu, akanitazama, akasema, "Mama Naomi, nilikuwa nakula kwako."

Barua kama hii nimemwandikia baba mdogo Danieli na inakuja kwa basi hilihili, asome kikaoni. Nimemwambia wanifungie na mimi, nisigawe kitu. Sijui kama utataka kuniona. Nikitafuta cha kukutumia nashika kitu na kukiweka chini, kila kitu ndani ya nyumba hii nimekigusa.

Naomi


Kilosa, 29 Juni 2025

Mdogo wangu,

Marahaba.

Barua hii imenichukua siku tatu. Mistari unaona inavyopanda na kushuka, basi huo ndio mkono wangu wenyewe. Lightness ndiye anayenifunga vifungo tena. Vidonge nimemaliza wiki mbili zilizopita, sina hata kimoja. Naumwa. Nakula.

Baba mdogo aliisoma barua yako kikaoni, yote, hadi kopo. Mke wa Danieli alitoka nje. Wamekata neno dereva kwenye daftari wakaandika jina lako, na adhabu yako ni kama yangu. Nilisimama nikawaambia nina neno. Nikasema Naomi alinipa viwili. Nilimpokea mama kwa hivyo viwili, na sijutii kumpokea. Vingine vyote nilivitafuta kwa miguu yangu, na vile thelathini na moja nilivifungua mimi. Hilo nalo nikaomba waandike.

Mahindi yamekauka shambani na hakuna aliyekuja kuvuna. Mengi yameliwa na ngedere. Juzi nimekaa kwenye kigoda nikamwona mama mdogo Raheli anapanda kilima, mkono umefungwa shingoni, na chupa yake ya maji mwenyewe. Hakunisalimu sana. Alishuka bondeni akavuna kwa mkono mmoja mpaka mchana, akanywa maji yake, akaenda. Kesho yake Lightness akaingia naye. Mimi nilikaa pembeni napukuchua kwa vidole hivi, polepole, gunzi moja kwa nusu saa. Yunis hajaja, na simtegemei.

Sasa wewe njoo. Basi la Jumamosi. Lightness anasema ulete sukari na mchele, usimsikilize. Usilete papai, wala dagaa, wala sabuni, wala kitu cha kunywa. Imani akikuuliza mzigo uko wapi mwambie huna. Najua mama hakuturuhusu kuingia nyumba ya mtu namna hiyo, nimekwenda makaburini nimemweleza.

Shuka stendi, panda kilima, uje na mikono mitupu, niione.

Kaka yako,
Melkizedek